Viti Ambavyo Hukuvikalia

Baba,

Kunguru wamerudi. Ulipokuwa hai walikujua. Ukitoka tu mlangoni na ule mti wa ufagio, walihamia paa la jirani. Sasa wanatua juu ya boneti ya gari lako asubuhi mapema kama watu walioalikwa. Kinyesi chao kikipigwa na jua kabla sijakiwahi, kinaacha doa jeupe lisilotoka, na kucha zao zimechora mistari juu ya taa ya kushoto. Nafuta. Mara nyingine nafuta huku nikisema nawe kwa sauti. Wapita njia hunitazama, halafu hukumbuka. Huniambia, "Pole, Rukia," wakaenda zao.

Nimeona afadhali nikuandikie. Makaburini siendi, kaka Salim ndiye aendaye akija kutoka Nairobi, nami sina pa kuzungumza nawe ila hapa.

Rangi bado imeshika, Alhamdulillahi. Ubavu wa upande wa barabara bado ni ile buluu uliyoipenda, ukiinama unajiona uso. Lakini chini ya mlango wa nyuma, upande unaotazama bahari, imeanza kufura vipele. Nikivibonyeza vinapasuka, ndani kuna kutu. Ulikuwa ukisema chumvi itaanzia hapo, na hapo ndipo ilipoanzia. Bado naliosha kwa maji ya mkokoteni kama ulivyotaka, kwa kuwa ya kisima chetu yana chumvi. Unakumbuka Mama alivyokuwa akilalamika? "Gari laoga maji matamu, mimi mkewe naoga ya kisimani!" Ukicheka tu, kitambaa mkononi, ukizunguka upande wa pili.

Nimekuwa nikiliwaza sana gari hili, na nimekuwa nikikuwaza wewe kabla hujalipata. Kazi yako yote bandarini ilikuwa kuteremsha magari melini. Uliingia katika gari jipya la mtu, ukaliendesha kutoka tumboni mwa meli mpaka uwanjani, mwendo usiozidi wa kutoka kwetu hadi msikitini, ukashuka, ukarudi kupanda jingine. Yote viti vyake vimefunikwa nailoni. Ulikuwa ukiturudishia habari zake mezani kama mtu aliyetoka harusini: leo jeusi, leo jeupe lenye viti vya ngozi. Kisha likaja lako. Nilikuwa darasa la tatu. Ulilileta mpaka pale uwazini, kwa kuwa kichochoro chetu hakipitishi gari, ukapiga honi mara moja tu, polepole, kama mwenye haya. Tukatoka sote. Mama alikuwa na unga mikononi.

Nailoni ilikuwa bado iko juu ya viti. Mama akauliza utaitoa lini. Ukasema, "Bado, Mama Salim. Kwanza tulizoee."

Hatukulizoea. Sikukuu zikapita, Salim akaoa, nikamaliza chuo cha ualimu, nawe ukastaafu, na nailoni iko pale pale. Mji wa Kale mzima wakakuita Mzee wa Nailoni, nawe ukaitika. Wakati wa joto ilitushika mapaja. Buibui la Mama liliganda mgongoni, na kila akijisogeza nailoni inalia kwee, mimi na Salim tunacheka nyuma mpaka tunakemewa. Ndani ya gari hakuliwi. Hakunywewi. Viatu vinakung'utwa nje kwanza, mguu huu, kisha huu. Mwishowe nailoni yenyewe ikawa ya manjano, imefifia kama kioo cha bafuni, na hakuna kati yetu aliyejua tena kilichoko chini yake kina rangi gani.

Nakwambia haya yote unayoyajua kwa sababu sijui nianzeje lile jingine.

Ulirudi kutoka sala ya alasiri umeshika kifua. Ulikaa barazani, uso umesawijika, jasho linatiririka. Nilichukua ufunguo msumarini. Nilikushika kwapani tukaenda mpaka uwazini, nikafungua mlango wa nyuma. Nawe ukashika ukingo wa mlango kwa mikono miwili, Baba, kwa nguvu ambazo sikujua bado unazo. Ukasema, "Usinitie humu. Nitalitapikia."

Nikasema, "Baba, ingia!"

"Ita tuktuk."

Ndani ya tuktuk ulinitapikia begani. Ukaniomba radhi. Kwenye kona ya hospitali ulinifinya mkono, ukaniuliza, "Umelifunga?" Nikakwambia nimelifunga. Hukusema tena neno.

Daktari alisema tuktuk haikukuchelewesha, hata gari lingefika wakati ule ule. Namwamini. Lakini nilikukasirikia, Baba. Katika siku za matanga, watu wakisoma na wanawake wakinishika kichwa, mimi nilikuwa nimekasirika. Nilijiuliza ni kitu gani hicho ulichokuwa ukikitunza, na ukimtunzia nani. Nilipita kando ya gari bila kuligusa. Vumbi likaingia, kunguru wakaja. Hata ufunguo sikutaka kuuona pale msumarini.

Mama alipokuwa edani, Salim alipiga simu akasema amepata mtu wa kulinunua. Alisema linaharibika bure, nami sikubisha. Mama alisikia yote kutoka chumbani.

Eda ilipokwisha yule mtu akaja, mfanyabiashara wa Makupa, mtu mwenye adabu, ameamkia vizuri. Alilizunguka. Aligonga bodi kwa kifundo cha kidole akisikiliza, akapitisha kiganja juu ya rangi, akainama kwenye vile vipele akatikisa kichwa kidogo. Kisha akafungua mlango. Alisimama pale, mdomo wazi.

"Dada," akasema, "gari hili mlilitoa melini jana?"

Akaomba aone chini. Nikamwambia aone. Akaifunua nailoni kwa kucha pembeni mwa kiti cha mbele, ikabanduka kwa shida kama plasta kwenye kidonda. Na hapo, Baba, nikaona kipande cha mahameli ya kijivu, kijivu cha njiwa, laini, hakijawahi kuguswa na mtu. Sikuwa nimekiona wazi maisha yangu yote. Nilikuwa nimekikalia tangu utotoni.

Sikujua kuwa Mama amenifuata. Ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje, amevaa kanga zile za eda bado, kajitanda. Alitazama kile kipande. Akamwambia yule mtu taratibu, "Utanisamehe, mwanangu. Gari hili haliuzwi. Mimi mwenyewe sijalikalia bado."

Yule mtu alidhani ni mzaha, akaanza kucheka. Kisha akamtazama Mama usoni, akaacha. Akaurudisha mlango kwa mkono, polepole, vile vile ulivyokuwa ukiurudisha wewe. Akatuambia Mungu amrehemu mwenyewe.

Nilimpigia Salim nikitarajia maneno. Na kweli alianza kwa maneno. Nikamweleza alichosema Mama. Halafu akauliza kwa sauti ya mtoto, "Viti ni vya rangi gani?"

Nikamwambia kijivu. Nikamsikia akilia. Nami nikalia, na hasira zangu sikuziona tena tangu siku hiyo. Sijui zilienda wapi. Ilibaki hamu ya kukuona tu.

Jioni ile ile Mama alileta mkasi wa jikoni. Tuliitoa nailoni sisi wawili. Ilikuwa imeshikana na mishono, imekauka, inavunjika vipande vipande, na chini ya kiti chako tukakuta tasbihi ya plastiki, uliyomshutumu Salim kuwa ameipoteza. Tulipomaliza Mama aliketi mbele, upande wake. Hapakulia kwee. Aliweka kiganja juu ya mahameli, akakipeleka huku na huku, kikiacha alama nyeusi na nyepesi.

"Laini, we," akasema. Kisha akasema, "Maskini, mume wangu. Hakukaa."

Alitazama usukani kwa muda, akaniambia, "Nipeleke Laitihausi."

Nikampeleka. Ni mimi niliyekalia kiti chako, Baba. Kina joto lake tofauti, kinakupokea. Nilitamani uwe wewe, mikono yako juu ya usukani, na mimi nyuma na Salim tukipigana viwiko. Nilitamani hata unikemee.

Tuliegesha pale ukingoni mwa bahari, tukitazama maji. Mama akanunua mihogo ya kukaanga, akaingia nayo garini, mihogo yenyewe inavuja pilipili na ukwaju, akala pale pale kitini, vidole vinang'aa mafuta. Akanipa kipande. Nilipokipokea, ukwaju ukamwagika kati yetu, kwenye kiti, doa kubwa kama sahani. Nilirukia kitambaa. Mama akanishika mkono.

"Wacha," akasema. Akalitazama lile doa. Akaanza kucheka, Baba, kicheko chake kile cha kujifunika mdomo kwa kanga, nilichodhani umekwenda nacho. Akacheka mpaka machozi. "Angekuwepo," akasema, "leo ningelala kwa dada yangu!"

Doa halijatoka. Nimejaribu sabuni, nimejaribu ndimu. Dashibodi nayo imepasuka kwa jua, na kitambaa cha dari kimeanza kulegea nyuma. Nakwambia kweli, kwa sababu wewe ungetaka kujua.

Kesho asubuhi nampeleka Mama kwao, Kinango. Wewe ulikuwa ukitupeleka kwa basi kwa ajili ya mawe ya njiani. Mimi nitalipeleka gari lenyewe. Litapigwa mawe, najua. Babu, baba yake Mama, atataka kukaa mbele, na wajukuu zake wa huko watapanda nyuma na miguu yao yenye vumbi jekundu, nami sitawaambia wakung'ute.

Lala, Baba. Mola akuweke mahali palaini kuliko vyote ulivyotutunzia. Nakuahidi nitalifuta kunguru wakilichafua, na vile vipele nitavipeleka kwa fundi kabla havijala bati. Na siku Mama akishikwa na maradhi, au mimi, au yeyote wa kichochoro chetu, nitafungua mlango wa nyuma nimlaze juu ya kiti, atapike atakavyo.

Binti yako,
Rukia