Mtoto Alikuwa Mgongoni Kwangu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Jael Nasimiyu Wafula
Umri: miaka 41
Kazi: mfanyakazi wa nyumbani
Makazi: Al-Rawdah, Jeddah, kwa kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini. Kwetu ni Chwele, Bungoma, Kenya
Mahali pa kuandikia: kituo cha polisi, Riyadh
Tarehe: Jumamosi, 18 Aprili 2026, jioni

Mimi sijui kuanza karatasi bila salamu, na mkalimani Bwana Zacharia ameniambia niandike vile ninavyoongea. Kwa hivyo Afisa Turki, salamu. Bwana Zacharia mtu wa Tanga, salamu. Mama yangu kule Chwele, salamu sana, je, goti limepoa? Ivy binti yangu mkubwa, salamu. Derrick, salamu, na umsikize dada yako. Ndugu yangu Stephen na mke wako Maureen, pamoja na huyo mtoto mchanga ambaye sijamwona bado, salamu. Mama Cynthia jirani, salamu, asante kwa kuwaangalia.

Mimi ni mzima. Sijafungwa. Nataja watu wa nyumbani kwa sababu leo nilimtumia Ivy sauti nikilia kwamba polisi wamenishika, wanasema nimeiba mtoto, halafu simu ikaisha chaji. Sasa Afisa amesema mbele ya watu wote kwamba mimi ni shahidi, si mshtakiwa. Nilimwomba alirudie, na akalirudia.

Ninafanya kazi kwa Madam Abeer na mume wake, ambaye namwita Baba, huu ni mwaka wa tatu. Wana watoto wawili, Yazid wa miaka tisa na Talin wa miaka mitatu. Talin nilimpata akitambaa. Alhamisi tulikuja Riyadh kwa dada ya madam, ili leo watoto wapelekwe kwa ile bustani kubwa ya michezo yenye treni za kupinduka angani. Hakuna mmoja wetu aliyekuwa amefika hapo.

Afisa ameniuliza: kama hukuwahi kufika, ulijuaje kivuli kiko wapi, maji yako wapi, na mlango wa nyuma uko wapi? Baba pia alisema hiyo ndiyo dalili kwamba nilipanga. Jibu langu ni hili. Mimi ni mtu wa hofu. Nikisikia mahali pana watu wengi, silali. Kwa hivyo nilimpigia Rosebellah, tunatoka naye kijiji kimoja, anaishi Al-Shumaisi na anafagia kwa hiyo bustani. Nikamwambia, "Dada, nipe siri za huko ndani, nisipoteze mtoto wa wenyewe."

Rosebellah akacheka, akasema, "Wewe Mama Ivy, hata mbinguni utauliza choo kiko wapi."

Lakini akanieleza. Mkiingia msisimame kwa vitu vya mlangoni, watu hujazana hapo kama nzi, nendeni nyuma kabisa kwanza halafu mrudi polepole. Msivae viatu vipya. Beba chupa tupu, kuna bomba la maji baridi kando ya msikiti wa wanawake, karibu na mlango wa nyuma, na hapo ndipo kivuli hukaa mchana wote. Jua la saa nane si la kucheza nalo. Mpige mtoto picha asubuhi akiwa na nguo za siku hiyo, maana mzazi akishtuka hata rangi ya gauni husahau. Na kubwa kuliko yote, mchague mahali pa kukutana, pasiwe kwa muuza baluni wala kwa magari ya maonyesho, maana hivyo hutembea. Mkipoteana, kila mtu aende hapo, na akifika asitoke. Mtu akitafuta na mwenzake anatafuta, wanazungukana mpaka usiku.

Hayo yote nilimwambia madam asubuhi ndani ya gari. Nikasema, "Madam, tukipoteana, kwa mlango wa msikiti wa wanawake." Alikuwa kwa simu na dada yake. Akasema, "Tayib, Jael, tayib." Yaani sawa.

Tulifika saa nne asubuhi. Tulianza nyuma kama alivyosema Rosebellah, na Yazid akapanda vitu vinne bila kungoja. Baba alifurahi, akaniambia, "Jael, wewe mudiri wa bustani leo!" Yaani meneja. Nataka hilo liandikwe pia.

Saa saba mchana Madam, Baba na Yazid walipanga foleni ya treni kubwa. Mimi nikabaki chini na Talin na kigari chake chekundu. Foleni haikusonga. Jua likahama likatupata. Kiti cha kigari kikawa moto kama kikaango, Talin akakataa kukalia, akaanza kulia ule mlio wa usingizi. Nilikuwa na leso yangu, yaani kanga. Nikainama, nikamweka mgongoni, nikamfunga, na ncha ya juu nikamfunika kichwa, jua lisimpige. Kwetu siku ya soko hakuna mama anayeingia kwa watu na mtoto wa kushikwa mkono. Mkono huteleza. Mgongo hautelezi.

Nilimwonyesha madam kwa ishara, kule juu kwa foleni, kwamba naenda pale msikitini. Yeye akanipungia. Mimi niliona ni ruhusa. Yeye anasema aliona namsalimia tu.

Kigari nilikiacha kwa mstari wa vigari vya watu, na hapa ndipo kosa langu, simu yangu ilibaki kwa mfuko wake. Madam aliposhuka akaona kigari kitupu. Akanipigia. Simu ikalia ndani ya kigari.

Mimi sikujua. Nilikuwa kwa mlango wa msikiti, Talin ameamka akanywa maji, akala ndizi, akalala tena. Wanawake waliotoka kuswali walinisalimu. Nikaona walinzi wanakimbia, nikasema moyoni, maskini, kuna mama mahali amepoteza mtoto wake. Nikamwombea huyo mama. Kumbe namwombea madam.

Walinzi walipita mbele yangu zaidi ya mara moja. Waliambiwa watafute msichana wa gauni la njano na yaya wa kigari chekundu. Mimi walikuwa wananiona mwanamke na furushi. Karibu na adhana ya alasiri mmoja alisimama kwa sababu kiatu kilitokeza chini ya leso, vile viatu vya Talin vinavyowaka taa.

Akaniuliza, "Wen albint?" Mtoto yuko wapi?

Nikamwambia, "Huyu hapa mgongoni."

Akasema, "La, la, hii shanta." Kwamba ni begi.

Lile begi likatoa kichwa likasema, "Mama Jael, nataka kojo." Kwa Kiswahili safi.

Nikaletwa hapa. Baba alikuwa na hasira, akasema nilimficha chini ya nguo ili nimtoe kwa mlango wa nyuma. Simu yangu ilikuwa imeletwa pamoja na kigari, nikamtumia Ivy ile sauti. Nilijua neno moja la Baba linatosha nirudi kwetu na jina la mwizi wa watoto, na hilo jina halioshwi hata Derrick aoe.

Ndipo Afisa akaleta picha za kamera. Zikaonyesha foleni, leso, mimi nikipungiwa, halafu mimi kwa ule mlango, nimesimama na kukaa, nimesimama na kukaa, mchana wote. Hakuna hatua hata moja ya kuelekea nje. Afisa akamgeukia madam, akamuuliza kama kulikuwa na mahali pa kukutana.

Madam akanigeukia, akaniambia, "Jael, si ulisema mlango wa msikiti ni tukipoteana?"

Nikajibu, "Ndiyo madam. Mlikuwa mmepotea."

Afisa alicheka mpaka akavua kofia. Hata Baba, mdomo ulimshinda kuuzuia. Madam akalia, akanishika mikono, akasema mbele ya wote kwamba mtoto wake leo hakupotea hata dakika moja. Halafu akaomba nimwonyeshe leso inavyofungwa. Amejaribu na Talin, ikalegea. Nimemwambia atajifunza.

Nimemaliza niliyoyaona na niliyoyafanya, ni ya kweli, sina mengine. Ivy, Bwana Zacharia anakutumia picha ya karatasi hii kwa namba yako ninayoijua kwa kichwa. Msomee kukhu, nyanya yako, polepole, uanze na pale nimesema mimi ni mzima. Kisha ujibu haraka, hata neno moja. Mimi kungoja najua, lakini kwa hili usiningojeshe.

Sahihi: Jael N. Wafula

Maoni ya afisa: Maelezo yameandikwa na shahidi mwenyewe na kusomwa mbele yangu kupitia mkalimani. Taarifa ya mtoto kupotea imefungwa. Saa kumi na mbili jioni shahidi aliambiwa yuko huru kuondoka na familia. Amesema hatoki kwenye benchi mpaka jibu la nyumbani lifike. Familia imekaa naye. Mtoto amelala mgongoni kwake.