Kifyatulio Kisichoingia

Choma, 4 Juni 2023

Mwanangu Renatus,

Mimi ni mzima, ila goti la kushoto linanisumbua tangu tuvune mtama. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Natumaini huko Tabora unakula, maana mara ya mwisho ulikuja na shingo kama ya korongo.

Nakuandikia kwa sababu simu hapa inashika juu ya kichuguu tu, na ukisimama pale kijiji kizima kinakusikiliza. Hii nampa konda wa basi la asubuhi.

Benjamini amerudi kutoka mahabusu. Wamesema ushahidi hautoshi. Amechinja mbuzi, watu wakala, na jana akasimama kwenye ua wangu: "Mama Renatus, pole kwa yote." Amemwua baba yako mchana kweupe ndani ya karakana yake, mimi nikiwa shambani, halafu ananipa pole! Jirani yetu Doto alimwona akitoka na kitu kirefu ndani ya gunia. Mbele ya hakimu Doto akasema jua lilimpiga machoni.

Basi nimefungua karakana. Miaka ishirini na sita nilimvutia baba yako mivukuto akiunda magobore, usidhani nilikuwa nasinzia. Kuna mtutu wa gobore moja, kitako cha jingine, na ndani ya kopo vifyatulio vitatu. Naviunganisha ila havipatani. Wewe ndiye uliyekuwa ukimchorea baba yako kazi zake ulipokuwa mdogo. Niambie kasoro iko wapi. Ikikamilika utakuja kufanya linalokuhusu wewe mwana wa kwanza. Macho yangu hayafiki mbali.

Mama yako,
Leonia


Chemchem, Tabora, 12 Juni 2023

Shikamoo mama,

Pole kwa goti. Mimi ni mzima wa mwili. Barua yako niliisoma chooni kazini, nikaisoma tena, kisha nikaichana vipande vidogo kuliko punje za ulezi. Hata hivyo nilipotoka nilihisi kila mtu anaijua.

Mama, kutengeneza bunduki bila kibali ni jela. Ofisi yetu ndiyo inayoorodhesha silaha zinazosalimishwa, najua ninachosema. Usidhani nimemsamehe. Kanisani tukifika pale tunaposema "kama nasi tunavyowasamehe waliotukosea", mimi nafunga mdomo, nafungua kwenye mstari unaofuata. Ninamwota Benjamini amefungwa pingu. Lakini bunduki siwezi kushika.

Umeniuliza kasoro. Baba hakupima kwa rula, alipima kwa vidole vyake, na kila bunduki aliipima upya. Kifaa cha hii hakiijui ile. Ndiyo maana vinakukatalia, na nakuomba uviache vikatae.

Kama huwezi kuacha, angalau usigonge chochote kwa nyundo. Weka kila kipande juu ya karatasi, kizungushie penseli, unitumie michoro. Usifanye lolote mpaka nijibu.

Mwanao,
Renatus


Choma, 29 Juni 2023

Mwanangu Renatus,

Marahaba. Goti limetulia, roho haijatulia.

Kumbe kisasi chako ni kumnyamazia padre! Benjamini akisikia atahama kijiji.

Michoro hiyo hapo, kwenye karatasi za daftari. Kitako sikukusubiri. Nimekichonga siku nne kwa patasi ya baba yako, na sasa mtutu umelala kama mtoto mgongoni. Shida ni vifyatulio. Viwili vimelegea, vinacheza kama meno ya ajuza. Cha tatu, hicho kilichopinda kama ukucha wa jogoo, ndicho kizuri kuliko vyote. Chuma chake ni safi, kingo zake zimenyooka, lakini hakiingii. Nimekigeuza mpaka vidole vimetoka damu.

Juzi Benjamini alikuja kuulizia jiliwa la baba yako, lile la kubania vyuma, anataka kulinunua.

"Chuma kile kinaliwa na kutu bure, mama."

"Kutu haina haraka, Benjamini. Na mimi sina."

Akacheka. "Mama Renatus, utani haukuishi!"

"Watani wangu wako Nzega. Wewe sikujui."

Akaondoka anapiga mluzi. Nilikuwa nimekalia mtutu, nimeufunika kwa kitenge. Niambie upesi hicho kifyatulio kinataka nini.

Mama yako,
Leonia


Chemchem, 9 Julai 2023

Shikamoo mama,

Namshukuru Mungu kwa goti. Huku baridi ya asubuhi imeanza kuuma.

Nimeiangalia michoro. Kifyatulio kilichopinda ni kinene kuliko nafasi yake. Kisugue kwa tupa, lakini kidogo sana, asubuhi mara kumi tu, kisha kiache. Kesho yake tena. Ukiharakisha kitavunjika, na chuma kama kile hutakipata tena. Ni kazi ya miezi. Usikasirike nacho.

Mwanao,
Renatus


Chemchem, 14 Septemba 2023

Shikamoo mama,

Sijaandika muda mrefu na wewe hukuandika. Natumaini uko salama. Mimi silali vizuri.

Kwanza nikiri. Habari ya tupa na mara kumi kila asubuhi niliitunga. Nilitaka ufike mwezi wa kulima ukiwa bado unasugua, ushike jembe, hasira ipoe. Nilikudanganya kwa kuogopa. Sasa sikiliza, na tafadhali acha tupa hapo hapo ilipo.

Serikali imetoa muda wa msamaha: mwenye silaha haramu aisalimishe kabla ya Oktoba kwisha, hataulizwa kwa nini alikuwa nayo. Jumanne watu walipanga foleni kwenye dirisha langu. Wa saba alikuwa Benjamini.

Hakunitambua. Makarani hatuangaliwi usoni. Amekuja mpaka Tabora kwa sababu huko kwetu Igunga wote wangejua ile ni kazi ya mkono wa nani. Akafungua gunia, na mimi nikaiona: kitako cha mninga, na chini yake zile alama tatu za kisu alizokuwa akiweka baba. Nilimuuliza jina kwa sauti ambayo sikuijua. Akalitaja, akaonyesha kitambulisho, akaweka sahihi na dole gumba. Akaniambia, "Andika vizuri bwana mdogo, nisije kusumbuliwa."

Nikaandika vizuri.

Alipotoka niliigeuza. Mahali pa kifyatulio amefunga kipande cha spoku ya baiskeli kwa waya. Unamjua baba. Hakumpa mtu bunduki na kifyatulio siku moja. Bunduki ikikamilika alikichomoa, akakiweka kwenye kopo, na mnunuzi alirudi siku ya pili kuapa mbele yake kwamba anawinda kanga na nguruwe pori tu, hatamwelekezea mtu. Asiyeapa hakupewa. Nilichukua mchoro wako wa kile kilichopinda, nikauweka kwenye nafasi ile. Mama, umekaa kama jicho kwenye tundu lake.

Benjamini alimwambia hakimu kwamba hajawahi kukanyaga karakana yetu wala kushika kazi ya baba. Aliichukua bila kuapa, na baba alikufa akimkatalia. Hicho chuma kinasema yote. Mchoro peke yake hautoshi, watasema nimeuchora mwenyewe. Polisi watataka chuma chenyewe, jinsi baba alivyokiacha.

Kifunge kwenye kitambaa. Nitakuja kukichukua.

Mwanao,
Renatus


Choma, 20 Septemba 2023

Renatus,

Kiliingia tarehe mbili Agosti.

Mara kumi ulizosema nilizifanya siku tatu. Ya nne nilikaa na tupa kuanzia jua linachomoza mpaka ng'ombe wanarudi. Nilisugua mgongo wake, nikasugua na ule mpindo. Sasa kinakaa na kinafyatuka. Sikukuandikia kwa sababu nilikusubiri uulize mwenyewe, nione kama una haja.

Leo unaniambia nilikuwa nasugua ulimi wa baba yako. Wewe ndiye uliyenishikisha tupa. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaenda kuketi karakanani, nikashindwa hata kukutukana.

Yaliyopita tumeyaharibu wawili. Lililobaki ni moja. Bunduki ninayo na inafanya kazi. Kila Jumamosi Benjamini hupeleka ng'ombe lamboni peke yake. Njoo Ijumaa. Usipokuja, nitajua niliyemzaa ni karatasi.

Mama yako


Chemchem, 26 Septemba 2023

Shikamoo mama,

Ijumaa imepita sikuja. Jumamosi nilikaa na simu mkononi, nikingoja nipigiwe kwamba umeua mtu. Hakuna aliyepiga. Namshukuru Mungu, na nakuomba msamaha kwa tupa. Kosa lile nitakufa nalo.

Jana nilikwenda polisi. Niliharibu karatasi mbili, hata afande akaamua kuniandikia yeye. Nimesema yote: bunduki ya baba, sahihi ya Benjamini, mchoro, kifyatulio kilichosuguliwa, na kwamba aliyeshauri kisuguliwe ni mimi. Afande akaniangalia sana. "Wewe karani, kazi utakuwa nayo kweli?" Nikamjibu sijui.

Nimesema pia kwamba wewe una bunduki. Mama, niliufikia mstari huo nikataka kuuruka, nikashindwa. Wakiikuta baadaye, yote niliyosema yataonekana ni uongo. Kwa hiyo nimekutaja, mama yangu mzazi. Ukinilaani nitaelewa.

Lakini msamaha bado upo mpaka Oktoba iishe. Ukiisalimisha kwa mkono wako huna kosa, nawe utasikilizwa. Afande anasema bila kile chuma kesi inasimama kwa mguu mmoja. Mguu wa pili ni wewe. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchora tu. Wewe ndiye uliyekuwepo kila mnunuzi alipoapa, na ndiye unayeweza kueleza kwa nini bunduki iko Tabora na kifyatulio kilibaki Choma. Ukimpiga risasi, hakuna atakayeulizwa tena baba alikufaje. Itakuwa kesi yako, na Benjamini ataliliwa kama mtu mwema.

Usidhani nakuomba umsamehe. Nakuomba unisaidie kummaliza.

Mwanao,
Renatus


Choma, 8 Oktoba 2023

Mwanangu Renatus,

Marahaba. Nimepona goti, na mbuzi nimemuuzia mwalimu.

Jumamosi ile uliyokuwa unashikilia simu, nilikwenda lamboni mwenyewe. Nilikaa nyuma ya michongoma, bunduki mapajani. Akaja na ng'ombe wake, akachuchumaa kunawa uso, karibu hata kwa macho yangu haya. Nikaweka kitako begani. Kifyatulio kilikuwa chini ya kidole, laini, hakikuvunjika ulivyonitisha, mimi ndiye fundi.

Alikuwa anaimba. Anajimwagia maji kichwani na kuimba. Nikafikiri: nikivuta sasa, huyu atakufa anaimba. Hatajua ni nani wala ni kwa lipi. Baba yako alikufa akimwangalia, na huyu afe ameburudika? Nikaishusha. Usimwambie padre wako kwamba nilimhurumia.

Barua yako ilipofika nilikulaani kuanzia asubuhi mpaka jioni, kisha nikachoka.

Alhamisi niliifungua bunduki, vipande vyote nikavitia kwenye kapu, nikaenda nayo kituoni Igunga. Kijana wa pale akauliza, "Bibi, hii kaitengeneza nani?" Nikasema mimi. Akacheka mpaka akamwita mwenzake. Nikawaambia, "Chekeni, ila andikeni." Nikawaonyesha kila kipande kilitoka wapi na nilikisugua wapi. Walipofika kwenye kile kilichopinda hawakucheka tena. Nimepewa karatasi yenye mhuri.

Doto nimemfuata shambani kwake. Sikumgombeza. Nimemwambia siku nitakayosema mbele ya hakimu nitamtaja kwa jina, asimame aseme tena kwamba jua lilimpiga machoni, nikiwa nimekaa mbele yake. Akarudi kwenye jembe. Alikuwa anapalilia mahali ambapo hapana majani.

Nakuja Jumanne kuandikisha maelezo. Mbele ya hakimu nitasema polepole, tangu siku ya kwanza Benjamini alipoleta ombi la bunduki na baba yako akamwambia aape. Nitarudia kila neno, na sitaacha kumtazama. Wakinipa maji nitakunywa, niendelee. Nataka jasho limtoke mpaka shati libadilike rangi, na aliyemtoa jasho hilo awe ni mwanamke ambaye yeye alimpa pole.

Nisubiri stendi, lakini usije ukiwa unatetemeka. Watu watadhani wewe ndiye mshitakiwa.

Mama yako,
Leonia