Beseni la Maji na Tuta la Pakchoi

Kijiji cha Lung Hei,
Toisan, Guangdong.
16 Januari 1994

Mpendwa wifi yangu Waiying,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumba ulimozaliwa. U hali gani huko Lima? Shemeji hajambo? Rosaura na Efraini wanaendeleaje na masomo, na kile kikohozi cha Efraini kimepoa? Uliandika mstari mmoja tu juu yake ukanyamaza, ukatuacha roho juu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa mmoja ambaye hataki niseme kwamba si mzima. Kaa kwanza, wifi, ndipo uendelee kusoma.

Mama anaumwa. Alianguka bustanini mwezi wa Agosti, mzegazega ukiwa begani na ndoo zote mbili zimejaa maji. Upande wa kushoto umelala, mkono na mguu. Maneno yamerudi, ila yanatoka yamepinda kidogo. Daktari wa mjini alimvuta kaka yako Gwokhei pembeni akamwambia moyo nao umechoka, tusitegemee kwamba Mama ataziona mvua za Aprili.

Mama amekataza usiambiwe. Anasema, "Ana watoto, ana mkahawa, ana bahari nzima ya kuvuka. Mtamtia wazimu bure." Kaka yako amemtii, kama kawaida yake. Mimi kwetu hatukufundishwa kunyamaza, na wewe wanijua. Nakuandikia ili uje. Hilo ndilo kubwa katika barua hii, mengine yote ni njia ya kufikia hapo.

Sweta ulizotuma zilifika, asante sana. Yangu imenibana kifuani, lakini naivaa hivyo hivyo. Ya Mama ameikunja akaiweka chini ya mto. Nikimwambia avae ananijibu kwamba baridi ya kuvaa sweta bado haijafika, na huku meno yanamgonga.

Kitanda chake tumekiweka chumba cha mbele, mlango wa ubavuni ukiwa wazi mchana kutwa ili aione bustani. Hivyo amepata kazi mpya, nayo ni kunisimamia mimi. Wewe ulinicheka siku nyingi kwamba najua kuila mboga tu, sijui kuilima. Haya, cheka tena, kwa sababu Mama alipoanguka bustani yote iliniangukia mimi.

Mwezi wa Septemba nilisia mboga ya pakchoi palepale kwenye jua kali, nikajiona fundi. Miche ikaota vizuri, tena kwa wingi. Kisha, kabla shina halijanenepa, ikarefuka shingo na kutoa maua ya njano. Nilipeleka fungu moja kitandani nikitafuta huruma. Mama akaliangalia, akacheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. "Laihing mwanangu, nilikutuma mboga, umeniletea shada la bibi harusi. Nani anaolewa humu ndani?"

Baadaye alinifundisha. Anasema pakchoi ikishikwa na joto na kiu hudhani kifo kimeikaribia, basi hukimbilia kuzaa kabla ya wakati wake. Dawa ni kuituliza. Nikapandikiza miche mingine chini ya kichanja cha dodoki, mahali ambapo jua la mchana linapita kwenye majani kwanza. Nikamwagilia asubuhi mapema na jioni, chini kwenye udongo, si juu ya jani. Nikatandaza mabua ya mpunga kuuweka udongo baridi. Vile vidudu vyeusi vinavyoruka na kutoboa majani nikavinyunyizia majivu. Na nilipovuna nilikata majani ya nje tu, moyo nikauacha ukue.

Wifi, ilikubali! Mashina meupe, manene, ukiyavunja yanalia. Niliikaanga na tangawizi na kitunguu saumu, Mama akala bakuli zima na wali, akafuta mdomo, akasema chumvi imezidi. Nilitoka nje nikacheka peke yangu kwa furaha.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Baba alipofariki tulikuita, hukuja. Ulijibu kwa barua fupi kwamba binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagwa, kwamba sisi wenyewe tulikumwaga mlangoni siku ya harusi yako, na maji yakimwagika hayazoleki. Mimi ndiye niliyemsomea Mama barua ile, maana yeye hajui kusoma. Alichukua jembe akaenda bustanini, akakaa huko hadi chakula kikapoa. Tangu hapo unatuma vifurushi na kuulizia afya zetu, lakini neno la kuja hulitaji, nasi tukaogopa kulitaja.

Sikulaumu kwa ulivyofikiri. Hukutaka kuolewa mbali, sote tulijua. Ulilia tangu alfajiri, na Mama hakudondosha hata chozi, akawa anakufunga vifungo vya nguo kama anayefunga mzigo. Ukaingizwa garini, na bibi harusi hageuki nyuma. Ukamsikia marehemu shangazi yenu akipiga kelele, "Mwaga, mwaga!" Ukasikia maji yakianguka. Yalikoangukia hukuona.

Unalikumbuka lile beseni lililochorwa samaki wekundu? Bado lipo, limebanduka rangi ukingoni. Kwa miaka yote tangu uondoke, kila asubuhi kabla ya kugusa ndoo, Mama alikuwa akichota maji kwa beseni lile na kuyamwaga taratibu kwenye kona ya tuta la pakchoi, pale karibu na ukuta. Nilidhani ni ukaidi tu wa wazee. Alipoanguka, neno la kwanza lililotoka mdomoni mwake likaeleweka lilikuwa "beseni". Basi nikawa namwagilia kona hiyo kwa niaba yake, naye ananitazama mpaka tone la mwisho.

Mwezi uliopita, asubuhi moja, uji ulikuwa unafurika jikoni. Nilikuwa nimekwisha kuchota maji, nikaona kona inaweza kusubiri. Nikayarusha maji yote kutoka mlango wa mbele hadi barabarani, kama tunavyomwaga maji ya kunawia uso. Mama akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia. Mwanamke yule hakulia mbele za watu Baba alipokufa. Siku hiyo alilia kama mtoto, mdomo umepinda, mkono mzima unapiga kitanda: "Si mlangoni! Laihing, si mlangoni!" Nilidhani kiharusi kimemrudia. Uji ukaungua, potelea mbali.

Alipotulia akaniambia haya. Nakuandikia bila kuongeza chumvi.

"Siku ile shangazi yenu alinipa beseni limejaa, akasema mwaga barabarani, gari linaondoka, mwaga binti asije akakurudia. Nikaangalia barabara, ilikuwa vumbi tupu. Nikasema moyoni, maji haya jua litayanywa kabla mwanangu hajafika darajani. Nikazunguka ubavuni nikayamwaga kwenye pakchoi. Watu walisikia maji, wakaridhika. Mboga zile tulizila. Zilizopendeza zaidi sikuzikata, nikaziacha zichanue, nikatunza mbegu. Mbegu ya leo ni ya mboga zile. Hakuna tone lililopotea."

Nikamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii, hata niliposoma barua yako kwa sauti na wewe unajiita maji yaliyomwagwa. Akageuza uso ukutani. "Ningesemaje? Maji yanamwagwa ili binti atulie kwa mumewe. Mimi sikutaka atulie, nilitaka arudi. Mama gani anamwombea mwanawe arudi kutoka kwenye ndoa? Alipoandika kwamba mimba ya kwanza imeharibika, nilijua ni mimi, ni kwa sababu ya beseni lile. Nikafunga mdomo."

Nilimwambia mimba huharibika Toisan na huharibika Lima, na beseni halina kosa. Sijui kama alinisikia. Labda akilisikia kutoka kwako ataamini.

Nawakasirikia nyote wawili, wifi, na ninawahurumia vilevile. Wewe huko umejihesabu umetupwa, naye huku anamwagilia kona moja ya tuta kila alfajiri. Zile pakchoi kavu tunazokutumia kila mwaka kwa ajili ya supu, zile ninazozianika kwenye kamba ya nguo nawe unaniandikia kwamba zinatuliza kifua cha Efraini, zinatoka tuta lile. Umeyala maji yako, na watoto wako wameyala.

Nilitaka kutia mbegu kidogo ndani ya bahasha hii. Nikamwomba Mama kijanja, nikisema ni za jirani. Akaniambia mbegu za kona ile hazitoki kwa jirani wala kwa posta, zina mwenyewe, na mwenyewe anajua nyumba ilipo.

Mimea ya mbegu sasa imechanua, imefika kiunoni, nyuki wamejaa. Maganda ya mbegu yatakauka kwenye Aprili. Mama anasema anayasubiri. Mimi nikimwogesha naona mkono wake ulivyokonda.

Njoo, wifi yangu. Usingoje Aprili. Ukiweza kufika kabla ya Mwaka Mpya wetu wa mwezi ujao, njoo. Gwokhei atakupokea Guangzhou. Nitamwambia nikishaituma barua hii, na akinigombeza shauri yake. Chumba chako hakijaguswa, nimefua chandarua. Mkahawa shemeji atauangalia, wanaume nao wajue moto wa jikoni.

Nisalimie shemeji, Rosaura na Efraini. Gwokhei anakusalimu bila kujua kwamba anakusalimu. Binti yetu Sauwan, aliyekuwa mgongoni kwangu siku ya harusi yako, sasa ni mrefu kunishinda na anaulizia shangazi yake. Wahenga wetu wakulinde njiani, wakufungulie anga na bahari, wakufikishe Mama akiwa bado na macho ya kukuona.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ukininunia,

Laihing

N.B. Nilikuwa napaka gundi bahasha, Mama akaniuliza kutoka kitandani ninamwandikia nani barua ndefu hivyo. Nikamjibu namwandikia mwenye duka la mbolea. Alifumba macho, nikadhani amelala. Kisha akasema, "Mwambie huyo mwenye duka asubuhi za huku zina baridi, avae sweta. Na asije kupiga hodi mlango wa barabarani. Apitie bustanini."