Mkuu, Onja

Nyumbani kwa baba yako,
Jumapili mchana, 12 Mei.

Mpendwa mwanangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. U hali gani? Ule mkono uliouunguza kwa mafuta umepona, au bado unaufunga kitambaa na kujitia hamnazo? Mimi shangazi yako ni mzima, ila magoti yananinunia kila nikipanda ngazi. Watoto wa dada yako ni wazima, na makelele yao ni yale yale.

Baba yako yu hai. Nalitanguliza hilo ili yanayofuata uyasome umetulia.

Tangu kiharusi kimpige, upande wa kulia haumtii na ulimi umemgomea. Anatusikia vizuri, lakini maneno hayatoki. Hayo unayajua. Usilolijua ni habari ya koo. Daktari alisema koo limelegea, haliwahi kufunga njia ya hewa, kwa hiyo kila anachokula lazima kiwe laini na kizito, kishuke polepole. Chochote chepesi kama maji ni hatari kwake.

Uliposikia kwamba hataki kula, ulimpigia simu Masufuria, mwenzenu mliyefundishwa naye upishi na baba yako, ambaye siku hizi ana mgahawa wake karibu na stendi, na kitambi juu. Ukamwomba ampikie baba yako ile supu aliyowafundisha mwenyewe, ile ya kuchujwa kwa kitambaa mpaka ua lililochorwa ndani ya bakuli, chini kabisa, linaonekana. Sikulaumu. Mpishi wa ovyo asingeikumbuka. Masufuria aliipika kwa heshima zote, akaileta akiwa amevaa koti jeupe, nami, nikidhani kijiko kimoja hakitamdhuru, nikamnyanyua kaka yangu kichwa. Kijiko cha kwanza tu, akapaliwa. Macho yakamtoka, akabadilika rangi, tukajua ndiyo basi. Dada yako ndiye aliyemwinamisha na kumpiga mgongoni mpaka pumzi ikarudi. Masufuria alikaa kwenye ngazi akalia kama mtoto. Usimpigie kumuuliza, ameumia vya kutosha.

Sasa nisikilize kuhusu dada yako. Mlitoka jiko moja, na kwa ulimi wa kuonja yeye aliwazidi nyote. Baba yako aliniambia hivyo mara nyingi, nyie hampo. Wewe ukaenda kwenye hoteli kubwa, tukajigamba mpaka majirani wakatuchoka. Yeye akaacha meza za vitambaa vyeupe, akaenda jiko la hospitali kuwapikia wasioweza kutafuna. Watu wakasema kamwaga unga. Baba yako akamwambia hakumfundisha kazi ili akakoroge uji wa wagonjwa, na tangu siku hiyo hawakuzungumza tena habari za jikoni. Wewe nawe ulimuunga mkono baba yako. Nakumbuka, na dada yako anakumbuka.

Basi ona: chakula pekee anachoweza kukimeza leo ndicho hicho alichokidharau, naye alilijua hilo. Dada yako akija na bakuli, kaka anakaza midomo na kugeukia ukutani. Alimbembeleza, "Baba, kula kidogo tu." Mimi nilimgombeza, nikamwita mkaidi tangu tumboni mwa mama yetu. Wapi! Mwili ukamwisha, mashati yake yakawa kama ya kuazima. Muuguzi akatuambia asipokula, atarudishwa hospitali kuwekewa mpira wa kulishia puani. Nilikwenda uani nikalia, mwanangu, kwa sababu nilijua kaka yangu akiingia huko hatatoka.

Alhamisi mchana dada yako alikuja moja kwa moja kutoka kazini. Hakubadili hata nguo. Akaingia jikoni, akasaga chakula, akachuja, akakoroga mpaka kikawa kizito na kinang'aa. Hakuketi kitandani kama siku zote. Alisimama wima kando ya kitanda, kofia kichwani, mkono mmoja nyuma, kijiko mbele, vile mlivyokuwa mkisimama mbele ya baba yenu jioni kabla mgahawa wake haujafunguliwa. Akasema, "Mkuu, onja."

Kaka akageuka. Unamjua mtu huyo. Alionja akiwa na homa, alionja hata wiki ile tuliyomzika mama yenu. Hajawahi kumrudisha mpishi na kijiko chake bila kuonja. Akafungua mdomo.

Akakizungusha mdomoni polepole, akameza, akafikiri. Kisha akainua mkono wa kushoto, akasugua vidole viwili: chumvi. Dada yako akajibu, "Ndiyo, Mkuu," akaenda, akarudi. Akaonja tena, akatikisa kichwa: bado. Wakaendelea hivyo, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likaisha, na kaka amekaza uso kama mtu aliye kazini. Mimi nilikuwa mlangoni nimejiziba mdomo.

Tangu hapo hakuna anayemwambia kula. Hata mimi, ambaye mapishi yangu mnayajua, jana ilinibidi nisimame wima na magoti haya, niseme, "Mkuu, onja." Akaonja, akanitazama kwa huruma, akageukia ukutani. Dada yako alicheka mpaka akakaa chini.

Siwezi kukudanganya, mwanangu. Daktari hatupi matumaini makubwa. Itafika siku koo litakataa hata hicho, na hatutamlazimisha. Kwa sasa anameza. Nimekuandikia barua kwa sababu kwenye simu ungenikatiza.

Limebaki jambo moja. Dada yako akimaliza kijiko cha mwisho na kushusha mkono, baba yako hafumbi macho. Anabaki kutazama pale kando ya dada yako, pasipo na mtu, mdomo umefunguka kidogo. Nilidhani ni ugonjwa. Dada yako ndiye aliyenieleza, akiosha bakuli, bila kunitazama. Jikoni mlikuwa mkisimama wawili, yeye kwanza, kisha wewe.

Anamngoja wa pili.

Nisalimie mkeo, umbusu na yule mdogo ambaye sijambeba bado. Masufuria anakusalimu, na watoto wanauliza mjomba wao anafananaje. Dada yako hakunipa salamu zozote, lakini jana alilitoa koti lako jeupe sandukuni, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango wa baba yako.

Mungu akulinde njiani, mwanangu, na akuwahishe.

Mimi nikupendaye na kukugombeza daima,
Shangazi yako.