Nyumba Ndogo za Uholanzi

Mpendwa Mama Magesa,

Salamu nyingi kutoka huku Uholanzi. Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanibana masikio. Natumaini wewe na Magesa hamjambo huko Mugango, ingawa ningependa kuwasalimu mkiwa nyumbani Butiama.

Barua uliyomwandikisha kaka yako nimeipata, na maneno yako nimeyasoma: "Nyumba kubwa nimeifunga, nimerudi kwa baba. Wewe kaa na hizo ndogo zako." Ndipo nikakumbuka ile kadi ya picha niliyokutumia. Kadi haina nafasi, nikaandika kwa kifupi: nimezunguka nyumba ndogo, ni nyingi, nzuri ajabu, Jumamosi narudi tena.

Nilimsomea barua yako na kumweleza ile kadi Rwegasira, Mhaya ninayesoma naye uandishi wa habari hapa. Alicheka hadi akakaa chini. "Bwana wee, umetuma kichwa cha habari bila habari!"

Habari yenyewe ni hii. Hapa mjini kuna bustani yenye majengo mashuhuri ya nchi hii, yote yametengenezwa upya kwa udogo: makanisa, bandari, jumba la malkia, hata stesheni yenye treni inayotembea. Kanisa kubwa linanifika kiunoni. Mlango wa jumba la malkia haupitishi hata kuku. Nilimkuta fundi amelala kifudifudi, anapaka rangi ngazi ambazo angeweza kuzifunika kwa kiganja. Hakuna anayeishi humo. Watu wake ni wa mbao, wafupi kuliko kidole. Jumamosi nilirudi kwa sababu mwalimu wetu alitaka makala.

Nimeweka picha humu ndani. Huyo aliyesimama kama mnara ni mimi. Mwonyeshe baba mkwe, maana bila shaka ameshasema, "Si nilikuwaga nawaambia, hawa watu wa magazeti!"

Basi rudi Butiama wiki hii. Nasikia mwenyekiti anagawa viwanja vya kijiji kipya, na asiyekuwepo atabakiziwa vya bondeni, maji yanakotuama. Chukua cha juu, karibu na shule.

Nisalimie mama mkwe, na kaka yako mwalimu, mwandiko wake ni mzuri kuliko maneno yake. Nisalimie pia shangazi Nyangeta wa Bunda anayetutunzia ng'ombe.

Mwenyekiti akikuuliza tutajenga nyumba ngapi, mjibu moja.

Mumeo,
Baba Magesa