Hakumtemea Mate

Mlimani, Krete, 26 Aprili 1987

Mdogo wangu Kaliopi,

Kristo amefufuka! Hamjambo huko Hania? Mgongo wa mumeo umepoa? Mimi mwili mzima, ila moyo unachemka.

Maruda anakufa. Mbuzi wangu wa maziwa, ndiye jibini na mkate wangu tangu nifiwe na mume, anahema kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Na aliyemfanyia hivyo namjua: shemeji Manusos! Siku ya Mtakatifu Yorgi, mbuzi wakibarikiwa uani mwa kanisa, alimtazama akasema mbele za watu, "Shemeji, mbuzi mzuri huyu!" Kisha akafunga mdomo. Hakumtemea mate! Hata mtoto anajua, ukisifu kitu unakitemea mara tatu, ptu ptu ptu, jicho baya lisikipate. Kisa nilimnyima malisho ya marehemu kaka yake.

Wewe unafanya kazi kwa daktari wa mifugo, niambie dawa. Adhabu ya Manusos niachie mimi. Nampa dereva wa basi barua hii na jibini.

Dadako, Argiro

Hania, 27 Aprili

Dada Argiro,

Kweli amefufuka! Sisi wazima, mgongo bado unalalamika. Jibini imekwisha kabla sijamaliza kusoma.

Mwache Manusos kwanza, mtazame mbuzi. Mpime joto kwa kipimajoto, huko nyuma, usione haya. Likipita arobaini ana homa. Weka sikio kwenye mbavu, pande zote mbili, usikie kama kunatokota. Anakula? Anacheua? Alianza lini hasa, na umempa nini? Usimnyweshe kitu kwa chupa! Na tafadhali, usiguse mali ya mtu.

Mdogo wako, Kaliopi

Mlimani, 28 Aprili

Mdogo wangu,

Afya ninayo, na furaha pia. Umechelewa! Jana mchana, Manusos akikoroma baada ya chakula, nilipanda zizini kwake na kisu nikakata kengele zote shingoni mwa mbuzi wake. Zote! Leo ukungu umeshuka, mbuzi wametawanyika magengeni kimya kimya, naye anazunguka akiita kama kichaa. Nimekunywa pombe yangu ya raki kwa raha. Kengele nimezifukia chini ya majani makavu anapolala Maruda. Nani atamsumbua mgonjwa?

Joto ni arobaini na moja. Mbavu za kulia, chini, kunatokota kama chungu cha maharage. Hali chochote, hacheui. Siku ile ya kanisani alikuwa na kikohozi tu, cha vumbi. Nikamwita bibi Garifalia, anayeondoa jicho. Akayasomea maji na mafuta, akapiga miayo mpaka machozi, ndiyo dalili ya jicho kali. Nikainua kichwa cha Maruda mpaka akatazama mbinguni, tukammiminia chupa nzima. Akapaliwa, maji yakamtoka puani. "Linatoka hilo!" akasema bibi. Kesho yake ndipo alipoanza kuhema. Umeona ukali wa jicho la mtu yule?

Dadako

Hania, 29 Aprili

Dada,

Salamu baadaye. Si jicho, ni chupa! Mbuzi akiinuliwa kichwa hivyo, maji hayaendi tumboni, yanaingia mapafuni. Ana nimonia, na uliyempa ni wewe. Kosa la Manusos ni ukavu wa mdomo tu. Daktari anakuja leo na sindano, za kuchoma kila siku wiki nzima. Mlaze kifudifudi, si kwa ubavu, mahali pakavu penye hewa. Na rudisha kengele za watu! Wanaume wa huko wanazijua kengele zao kwa sauti kama watoto wao.

Mdogo wako

Mlimani, 8 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijui kama ni mzima.

Daktari alikuja, lakini gari lake lilikwama bondeni, na aliyemfikisha kwa pikapu ni Manusos, ameacha kutafuta mbuzi wake! Kila siku alikuja kumshika Maruda nimchome sindano. "Shemeji," ananiambia, "nikimpata aliyekata kengele zangu, nitamlisha moja moja." Nami namkaangia mayai. Kuzirudisha nimeshindwa: mchana yuko kwangu, jioni yuko zizini na bunduki. Kwa wema ule nilizidi kumchukia.

Jana homa ilikwisha. Maruda akapiga chafya, akaona mkate mkononi mwa Manusos, akasimama mwenyewe. Chini ya kwato, ngrin! Akasogea, ngrin, ngroo! Manusos akainamisha kichwa akasikiliza. Akafukua majani, akazitoa, akazipangusa kwa shati lake. Hakunitukana. Bora angenitukana! Akafika mlangoni, akageuka, akamtazama Maruda kuanzia pembe hadi kiwele.

"Shemeji," akasema, "mbuzi mzuri huyu."

Akafunga mdomo, akaondoka.

Kaliopi, leo asubuhi Maruda amekohoa. Mara moja tu. Najua, najua, ni vumbi. Lakini bibi Garifalia ameshaingia, anapiga miayo, na chupa imejaa. Jibu haraka, nakuomba, maana mkono wangu mmoja tayari umeshika pembe.

Dadako, Argiro