Moshi wa Mwigobero Ubaoni

Shikamoo Mama,

Huku Ulaya baridi inauma mpaka masikio, lakini leo nimetembea kifua mbele. Mwalimu alituonyesha picha ya maelfu ya nyota zilizosongamana kama mpira, akauliza zinakwendaje humo ndani. Wenzangu walichora zikizunguka pamoja kama gurudumu. Mimi nikakumbuka wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi, siku nilipowaona ufukweni Mwigobero nikapiga kelele "Moto!" nawe ukacheka: "Si moshi huo. Kila mmoja anarukaga kwake, anaingia, anatoka, ila hawaachanagi." Nikachora hivyo.

Mwalimu akasema ndivyo zinavyokwenda, akauliza nani kanifundisha. Nikasema ni mama yangu, muuza dagaa wa Musoma. Akaniambia niandike jina lako ubaoni. Jina hilohilo unalohangaika nalo kwenye ngumbaru, Mama, leo darasa zima wamelinakili.

Usiiache kalamu.

Mwanao, Nyangeta